Changawa Abaki Changawa

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Gona, kaa hapo mlangoni. Dama, nishikie mgongo. Nawe Changawa, toka nyuma ya pazia, kwa kuwa neno lenyewe ni lako, na sitaki usemwe ukiwapo kana kwamba hupo.

Nyumba hii ya Mtopanga ni yenu nyote watatu, wala chumba cha Changawa kisipangishwe. Hilo limekwisha. Linalonizuia kwenda ni nililolisikia, Gona, kwamba nikishazikwa utampeleka nduguyo kwa wazee wamvue jina, ati koma wa babu yake, roho ya aliyempa jina hilo, ndiye anayemsumbua. Apewe jina jipya, na dawa zitupwe.

Mwanangu, mimi nilifunzwa shuleni, enzi za Mwingereza, kukiita kila kitu kwa jina lake. Ugonjwa huu daktari aliutaja mbele yangu: baipola. Changawa ni jina la baba yangu. Msiyachanganye. Kuna nyakati moyo wake hupanda, halali usiku kucha, akaupaka rangi ya kijani mlango wetu na wa jirani yetu Mama Salha, hata mama wa watu akaja akilia, "Mzee Tsofa, mwanao kanipakia rangi mpaka jogoo!" Kisha hushuka, akauelekea ukuta, uji ukapoa ukafanya utando. Hicho si kiburi, wala huo si uvivu.

Dama, akianza kukesha usibishane naye. Mpeleke kliniki mapema, kabla moto haujashika makuti. Akipata nafuu asiache dawa, maana nafuu hiyo ni kazi ya dawa. Akinyamaza, kaeni naye, hata bila maneno. Akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake kamwe, mpelekeni hospitali. Wala msimfunge kamba. Mwombeeni, ila maombi yasimnyang'anye kidonge.

Nawe Gona, wajua tunavyorithishana: Changawa wa Tsofa, Tsofa wa Changawa. Akijaliwa mwana, ataitwa mimi. Ukimvua yeye jina, mimi nitarudi kwa nani?

Maji... La, Dama, anipe Changawa. Mkono unakutetemeka, mwanangu. Ni dawa hizo. Wangu pia. Tukishike kikombe pamoja... hivyo.

Gona, mwite nduguyo kwa jina lake, nisikie.

Vyema. Mungu awaweke pamoja, wanangu... asimpoteze hata mmoja...

Mwite tena.