Mota Isiyochoka ya Bizumuremyi

Ndani ya basi dogo la kutoka Kanama kwenda Gisenyi, Bizumuremyi, fundi wa redio, alikuwa amepakata gurudumu la baiskeli lililobandikwa sumaku, pamoja na betri na kapasita za kuhifadhi umeme, nene kama makopo ya maziwa. Mama mshonaji aliyeketi kando yake alifanya kosa la kuuliza ni nini. Mimi nilikuwa nyuma yao, sina pa kukimbilia.

"Hii mota inakula umeme ya betri, kisha kapasita inairudisha yote," alisema fundi. "Leo naenda kuionyesha wakubwa wa umeme. Wakikubali, kutengeneza redio za watu basi."

"Yote? Bon. Mi nakanyaga cherehani tangu asubuhi, nayo inazunguka muzuri. Mbona saa sita nasikia njaa?"

"Juu cherehani yako haina kapasita, mama."

Nilikohoa ili nisicheke. Fundi akanigeukia kana kwamba njaa niliivumbua mimi.

"Na nani anaianzisha?" mama akauliza.

"Mi naisukuma kidogo tu na kidole. Ile haihesabiwi!"

"Yewe! Kidole haikukula maharagwe?"

Kabla hajajibu, injini ilizimika. Dereva akatuomba tushuke tusukume. Fundi akakataa kuiacha mashine yake, akabaki ndani. Tukasukuma, mama yule akitweta kuliko sote, hadi gari likadunda kwenye shimo, na gurudumu la baiskeli mapajani mwa fundi likaanza kuzunguka.

Bizumuremyi akatoa kichwa dirishani, machozi yakimlengalenga. "Mama! Angalia! Inazunguka yenyewe!"