Jicho la Walter

Ukishuka barabara ya Manyatta, mkabala na pale wanaposaga unga, utakuta benchi refu la mbao ambapo Dorca huuza kahawa chungu na mandazi. Wanaume hukaa hapo kila asubuhi kuhukumu mambo ya dunia. Asubuhi hiyo mahakimu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Okello, mzee aliyechochea boila, lile tangi la mvuke, la kiwanda cha sukari mpaka kikafungwa, ndiyo maana wanamwita Boila. Wa pili ni Griffins wa bodaboda, aitwaye Gugo, kama ile ya kutafutia habari kwenye simu, kwa kuwa hajawahi kukosa jibu. Katikati yao alibanwa mshtakiwa: Wepukhulu, mhunzi wa kutoka Bungoma, jina la benchini Springi, kwa sababu hufua patasi na mapanga kutokana na springi kuukuu za malori. Juzi Walter, mchonga mawe, alikuwa akigonga patasi aliyouziwa na Springi. Ikapasuka, na kipande kikamrukia jichoni.

Springi hakutaka kuja. Lakini alijua asipoonekana watasema amekimbia. Kwa hivyo alikuja, akakaa na kikombe chake, hasira imemjaa.

— Kazi mbaya si mchezo mwema, Boila akaanza.

— Hiyo methali inaingiaje hapo, Jaduong'? Dorca akamuuliza mzee.

— Inaingia vizuri sana. Springi, hiyo patasi ikiwa moto uliitumbukiza ndani ya nini?

— Kwa maji. Kama siku zote.

— Ndio hapo. Sisi kiwandani tulikuwa tunatumbukiza kwa oili. Maji inashtua chuma. Hata wewe nikikutoa kwa jiko nikutupe ziwani, si utapasuka?

— Baba yangu alitumia maji. Babu yangu alitumia maji. Hakuna mtu alitoka jicho.

— Maji gani? Gugo akadakia. — Babu yako alikuwa na ya mto. Wewe unatumia ya mfereji, iko na dawa. Kama dawa inaua vidudu, itashindwa na chuma?

— Chuma iko na uhai?

— Omera, ndugu yangu, kitu chochote inashika kutu iko na uhai. Kutu ni ugonjwa.

Springi akauma meno. Kazi hii aliijua kwa macho. Chuma kikiwaka chekundu unakitumbukiza, kinakuwa kigumu, lakini ugumu huo ni wa chupa. Lazima ukirudishe motoni polepole, uitazame rangi ya nyasi kavu ikitambaa juu yake mpaka ianze kuwa ya zambarau, ndipo ukitoe. Hapo kinapata uvumilivu. Yote hayo alikuwa ameyafanya, hakuruka hata moja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

— Nyinyi hamjui, Boila akasema. — Chuma ya pua ni chuma imekula makaa. Ikikula kidogo inabaki laini. Ikishiba inakuwa ngumu. Ikivimbiwa inavunjika.

— Na unajua kwa nini inaitwa ya pua? Gugo akauliza, na hakungoja jibu. — Wahunzi wa zamani walikuwa wanainusa. Ile nzuri inanuka damu. Na hawakutumia maji, walitumia mkojo wa mbuzi dume. Nimesoma kwa simu. Halafu kuna watu chuma haiwapendi tangu wazaliwe. Pengine Walter ni wao. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Springi alikitua kikombe kwa kishindo, kahawa ikamwagika ubaoni.

— Walter alijidunga? Mtu amelala hospitali kichwa yote bendeji, na wewe unaniletea mkojo ya mbuzi?

— Basi ulimdunga wewe. Chagua moja.

— Nilifanya kazi vile nilifundishwa. Hiyo chuma ndiyo ilinidanganya.

— Chuma haidanganyi, Boila akasema, na sauti yake nayo ilikuwa imebadilika. — Kiwandani shafti ya kuzungusha mashine ilivunjika ikaua rafiki yangu. Wakubwa wakasema ni chuma. Sisi wote tukasema ni chuma. Haina mdomo, ndio maana tunaisingizia.

— Unaniita muuaji?

— Nimekuita nini? Nimeongea juu ya shafti.

Springi alikuwa ameshasimama, ngumi zimekunjwa, Dorca alipowaonyesha kwa kidevu. Achola, mke wa Walter, alikuwa anakuja kutoka upande wa barabara kubwa, leso begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wakamfanyia nafasi. Hakukaa.

— Wametoa jicho, akasema. — Walisema likibaki litaharibu la pili.

— Pole, Mama, Boila akasema.

Gugo akaanza kumweleza habari za maji ya mfereji. Achola alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Springi.

— Hiyo chuma ulitoa wapi?

— Skrapu. Springi zilikosekana. Kuna mtu aliniletea vyuma vya mashine ya zamani kutoka Asembo Bay.

— Na ulitengeneza patasi moja peke yake?

— Hapana.

— Hizo zingine ziko na nani?

Boila na Gugo wakamgeukia Springi. Alikuwa ameziuza kwa yeyote aliyepita, wengi wao wachonga mawe wa machimboni.

— Washa pikipiki, akamwambia Gugo.

Machimboni nyundo zilikuwa zinalia kila upande. Springi alipita kwa mchongaji mmoja baada ya mwingine akiomba patasi zake. Walimtukana, wakamwambia amelewa mapema. Mmoja alikataa kabisa, akasema hajapata patasi kali kama ile. Springi akaikamata, akaifunika kwa gunia, akageuza uso na kuigonga mwambani kwa nguvu zake zote. Alipofunua gunia ilikuwa vipande viwili, na ndani ya chuma kulijaa punje kubwa zinazometa kama sukari. Hapo akaelewa: moto unaozifaa springi za malori ulikuwa mkali mno kwa chuma hiki kigeni, ukazikuza punje zake, nao moto wa pili, ule wa polepole, haukuweza kukiponya. Hakumweleza mtu. Walioona zile punje walimletea patasi zao wenyewe, bila matusi tena.

Moja haikupatikana. Waliokuwepo walikumbuka mwanamume mwenye shati la kijani aliyeinunua akisema anarudi Bondo, kuna msingi wa nyumba unamngoja. Jina lake hakuna aliyelijua.

Kesho yake Boila na Gugo walikunywa kahawa benchini bila kubishana. Springi alikuwa Bondo, anatembea kwenye jua kali, akiuliza kila anayekutana naye ni wapi watu wanajenga kwa mawe.