Mama Tusubiri Aiaga Kliniki ya Alama Nyekundu

Ifikapo tarehe 30 Juni, daktari wetu wa ngozi za watoto atastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wauguzi humwita Mama Tusubiri, na jina hilo amelipata kihalali. Wazazi huingia chumbani kwake roho mkononi, wamembeba mtoto mwenye uvimbe mwekundu kama nyanya. Yeye huubonyeza taratibu, kisha husema: "Si saratani. Ni mishipa midogo ya damu imejirundika. Itakua miezi kadhaa, halafu itanywea yenyewe. Tusubiri."

Lakini si kila uvimbe aliusubiri. Hatumsahau mtoto wa fundi cherehani, aliyeletwa kope moja ina uvimbe huohuo hadi jicho limefumba. Bibi mzaa baba alishakata kesi: mkwewe alikula kitu kibaya akiwa mjamzito. Mama mtu hakuinua hata uso. Daktari alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Mwanangu, hukukosea chochote," alimwambia. "Ila jicho likizibwa hivi, halitajifunza kuona. Huyu tunaanza naye leo."

Dawa yenyewe ilikuwa ya wagonjwa wa moyo, na kwa watoto wachanga ilikuwa ngeni kwetu wakati ule. Fundi, baba wa mtoto, aligoma: "Dawa ya moyo kwa kichanga?" Daktari hakukasirika. Alikiri kwamba inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kushusha sukari. Ndiyo maana mtoto angelazwa na kupewa akishanyonya tu. Fundi alikubali kwa shingo upande. Daktari akahamishia chai yake wodini, kutwa nzima kamshika mtoto mkono akisikiliza mapigo, mpaka wauguzi wakamtania kwamba amenyang'anya watu mtoto.

Baada ya siku chache wekundu ulififia. Wiki zikapita, kope ikanyanyuka, na mtoto akamkodolea bibi yake macho yote mawili. Bibi akamgeukia mkwewe: "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea." Daktari alijifanya anatafuta miwani, kumbe iko kichwani.

Leo dawa hiyo ni ya kawaida hapa kwetu, na madaktari vijana aliowafunza wanaitoa bila wasiwasi. Watoto wengi wanasoma ubaoni bila kujua kwamba jicho lao liliwahi kuwa hatarini.

Daktari, asante kwa kutufundisha kazi na utu. Tunakutakia afya tele, maisha mema, na asubuhi ndefu zisizo na foleni mlangoni.