Miguu na Pumzi za Mzee Ndesanjo Elisaria

"Baba Stanley, miguu unayo, pumzi huna," ndivyo Bibi Eliwaza alivyomwambia mumewe asubuhi ya tarehe 9 Julai 1993, nyumbani kwao Sombetini, akiwa ameficha viatu vya mzee nyuma ya mgongo, naye marehemu akamjibu kwamba akiendelea kukaa kwenye kiti atageuka gunia la pumba, na kwamba daktari ameagiza atembee nusu saa kila asubuhi. Familia inaanza na ugomvi huo kwa sababu tangu msiba utokee yamenong'onwa mengi, kwamba mzee ameuawa kwa kutembezwa, na mjukuu wake Violet, anayewasomea historia hii, ndiye aliyekuwa akitembea naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 hapa Machame, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na mwaka 1952 akateremkia Arusha, akaajiriwa kubeba magunia kwenye mashine ya kusaga, hadi akawa fundi wa kuchonga mawe ya mashine. Tarehe 8 Septemba 1956 alifunga ndoa na Eliwaza, Mungu akawajalia watoto wanne, Stanley akiwa wa kwanza na Irine wa mwisho. Biashara ya mahindi ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mwaka 1988 alisimamisha mashine yake mwenyewe Daraja Mbili, akajulikana kwa unga laini na maneno makali, maana aliyemletea mahindi yasiyokauka aliambiwa arudi nayo akapike makande.

Kwa miaka arobaini alivuta vumbi la unga na la mawe, kikohozi akakiita mafua ya kazi, hadi Mei 1993 alipoambiwa hospitali kwamba mapafu yamechakaa na hayatarudi yalivyokuwa, mashine ikauzwa, na Violet, aliyekuwa kidato cha pili, akaacha shule ili amuuguze.

Asubuhi ile ya Julai viatu alivipata, akatoka kwenye baridi na moshi wa majiko, akapanda kilima bila kusimama hata mara moja, kwa kuwa aliona ni aibu mzee kuonekana njiani akihema, akaanguka kabla ya kufika juu, akarudishwa kwa mkokoteni, na kwa wiki tatu viatu vikafungiwa kabatini.

Tarehe 4 Agosti Violet alimpeleka kwa muuguzi Sabina wa Kisongo, ambaye hakumuuliza anaweza kutembea dakika ngapi, alimuuliza anataka kufika wapi, mzee akasema kanisani, kwa miguu yake. Sabina akamwambia nusu saa inawafaa wengine, yeye ataanza na nyumba mbili, atoke saa nne jua likiwa limewaka, apite njia ya tambarare, asimame kila mlango asalimie, "maana mzee anayesalimia, hakuna wa kusema amechoka," na habari za watoto na mifugo zikiisha pumzi itakuwa imerudi. Akamfundisha kutoa hewa polepole kama anayepuliza uji wa moto, akishindwa kumaliza salamu apunguze mwendo, na siku kikohozi kikizidi asitoke, ainuke kitini mara tano tu.

Bibi hakuamini, mwezi mzima akawafuata nyuma na kigoda, majirani wakimtania kwamba amekuwa askari wa mumewe, lakini nyumba mbili zikawa tano, tano zikawa kumi na moja, na tarehe 25 Desemba 1994 mzee aliingia kanisani kwa miguu yake, mahubiri yakiwa katikati, akaenda kukaa mbele.

Tarehe 28 Septemba 1996 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, akafariki tarehe 19 Oktoba saa nane mchana. Daktari aliyemtibu ameieleza familia kwamba kutembea hakukumuua, bali kulimwongezea siku, na anayetaka shahidi wa pili awaulize majirani wa zile nyumba kumi na moja, wote wamekuja, wamekaa pale upande wa migomba.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi Sabina, wasagishaji wa Daraja Mbili, usharika na majirani wote wa Sombetini. Babu, Bwana akupe pumziko, na pumzi isiyokatika.

Leo alfajiri, jeneza lilipofika mlangoni Sombetini kuanza safari ya kuja huku Machame na watu wakasongamana, Bibi Eliwaza aliinuka, akawaambia, "Mpisheni, njia anaijua."