Mashine Zilizofungwa Zikiwa Nzima

Mgeni rasmi, Bi Adhiambo, meneja wa kampuni ya mashine za kusoma katika ukanda wa Pwani. Naibu wa chifu. Majirani wa Muyeye na Kisumu Ndogo mliotushika mkono hadi hapa: shikamooni nyote. Sisi ni Umoja wa Wasioona wa Muyeye, watu kumi na sita. Maneno haya ni yetu, tumeyasema kwa zamu. Macho tumeyaazima kwa Whitney, karani wa duka la dawa, ndiye anayekusomea.

KARIBU

Umewekewa kiti chenye mto na maji ya dafu. Ile meza yenye kitambaa, ofisi yako ilituagiza tuiandae ili tukukabidhi mashine zetu kuukuu mbele ya kamera, uzipeleke zikasagwe. Unaona ina mashine moja tu. Sababu tutaifikia, tunaomba usikasirike kabla.

TULIKOTOKA

Miaka saba iliyopita wafadhili walitununulia mashine za kusoma zilizotengenezwa na kampuni yako, kila mwanachama ya kwake. Unaweka karatasi chini yake, unabonyeza, inakusomea kwa Kiswahili. Sauti ni ya mwanamke wa bara, na jina la katibu wetu, Kahonzi, haijapata kulitamka sawasawa hata siku moja. Tuliicheka sana, lakini tulisoma. Bi Fatu alisoma karatasi zake za kliniki bila jirani kujua anaumwa nini. Caroline alisoma barua ya mwanawe, akairudia mpaka akaihifadhi moyoni. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na siri zetu, kama watu wazima wengine.

YALIYOTUKUTA

Mwezi wa tatu mwaka jana mashine zote ziligoma asubuhi moja. Ukiiwasha inasema, kwa sauti ileile: "Kifaa hiki kimefikia mwisho wa huduma. Tafadhali nunua toleo jipya." Haisemi jingine.

Tulimwendea Taufiq, fundi wa simu. Alifungua moja, akapima betri, kamera na spika. "Hii haina ugonjwa," alisema. "Imefungwa na aliyeitengeneza, hukohuko aliko. Ufunguo anao yeye."

Mgeni rasmi, ingeungua tungeizika tukanyamaza. Lakini ina sauti ya kututangazia kifo chake, halafu haina sauti ya kutusomea barua! Hilo limetutia uchungu mpaka leo.

Kisha balaa likamfika mwenzetu, Mzee Mwaro. Mpwawe alimletea karatasi, akamsomea kuwa ni ya kuvutiwa maji ya mfereji. Mzee akatia dole gumba. Kumbe ilikuwa ya kuhamisha kiwanja chake. Sasa anakaa kwa binti yake Mariakani, na leo amekuja na gari la alfajiri. Tulipomhimiza ashitaki, alijibu, "Dole n'litia mwenyewe, hakunishika mkono mtu. N'takwenda kumshitaki nani?" Mashine yake ingekuwa inasoma, angeweka karatasi chini yake na mambo yangeishia hapo.

Tangu siku ile tuna sharti: hakuna kutia dole mpaka karatasi isomwe mara mbili, na watu wawili wasiojuana. Linachosha, na linatuaibisha. Siri ya Bi Fatu sasa wanaijua watu wawili.

FOMU YA MWEZI ULIOPITA

Afisa wako alikuja na fomu, akatuambia kuwa ni ya matengenezo. Tulifurahi mno. Wengine walipiga vigelegele, na katika furaha ile sharti letu tukalisahau. Tulitia dole palepale, sote kumi na sita. Kesho yake Whitney akaisoma nakala: tumeridhia mashine ziharibiwe.

Hatusemi afisa wako ni mwongo, huenda naye hakuisoma. Tunasema tumevunjika moyo, na wa kujilaumu ni sisi. Ndiyo maana mashine kumi na tano zimebaki majumbani.

MAOMBI

Hatuombi mashine mpya. Toleo jipya linataka intaneti kila saa, nasi hatuna. Tunaomba hizi zifunguliwe. Kama ufunguo huna, mwambie aliye nao. Kama hataki, basi tuachiwe tukae nazo hivyohivyo, zisisagwe. Tunakiri matumaini yetu ni madogo. Barua nne tulizowaandikia hazikujibiwa.

Mwisho wa risala hii pana fomu tuliyoiandaa wenyewe. Ina mistari miwili: kampuni inafuta ridhaa ya mwezi uliopita, na kampuni inazifungua mashine. Kalamu iko mezani. Ila hatupendi utie saini jambo usilolijua, kwa hiyo nawe utasomewa mara mbili. Mara ya kwanza amekusomea Whitney, sasa hivi. Mara ya pili tungependa akusomee asiyejuana na Whitney: mashine hiyo iliyo mbele yako. Kahonzi ataweka fomu chini yake na kuiwasha. Tafadhali isikilize mpaka mwisho, haitachukua muda.

Mungu akutunzie macho yako, uzeeke nayo, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi,
Umoja wa Wasioona wa Muyeye.

Msomaji wa kwanza: Whitney.
Msomaji wa pili: ni mzima, amefungwa.