Chujio la Mama Katarina na Wageni wa Ugalla

Tarehe 30 Juni 1999 Mama Katarina Sylvanus anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya maafa hapa Mpanda kwa miaka ishirini na sita. Nimepewa mimi kazi ya kumwandikia, nadhani kwa sababu dereva ndiye aliyesafiri naye kuliko wote, na ndiye aliyekemewa zaidi.

Alianza mwaka 1973 kama mhudumu wa afya katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, binti wa wakulima wa mpunga kutoka Usevya, mwenye baiskeli kuukuu na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Akapanda hadi kuwa mkuu wa kitengo cha maji. Namkumbuka Landrova ilipokwama Litapunga: alishuka kusukuma na kitenge chake cha Jumapili, akiimba nyimbo za kwaya ili tusipate nafasi ya kulalamika. Siku zile zilikuwa ngumu, na bado natamani zirudi.

Ila kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ya mwaka 1997. Kila masika barabara ya Ugalla ilikatika, kuhara kukaingia vijijini, nasi tukabaki upande wa pili. Mwaka uliotangulia tulifika tukakuta makaburi mapya ya watoto. Ikaamuliwa kila kaya ipate sanduku la dharura kabla ya mvua: sabuni, chumvi ya kuongeza maji mwilini, na chujio la kubebeka. Kuchagua chujio akaachiwa Mama Katarina.

Aliletewa ya aina mbili. Moja lilikuwa la kupampu kwa mkono, la haraka lakini lenye kelele kama baiskeli isiyotiwa grisi. Jingine lilikuwa la kuning'iniza, linalodondosha maji tone kwa tone. Alichota maji ya lambo wanakonywea ng'ombe, akayapitisha kote kuwili. La matone likatoa maji maangavu zaidi, akalichagua papo hapo. Aliyethubutu kusifu la pampu alikiona cha moto.

Kabla ya oda kutumwa, tulipeleka machache Ugalla kwa majaribio. Tuliporudi kuyatazama, tulifikia kwa Ng'washi, mama wa Kisukuma aliyehamia huko na familia na ng'ombe wao. Chujio lilining'inia barazani, limefunikwa kitambaa safi. Ng'washi akapiga magoti, akatupa maji ya mtungini yenye rangi ya chai. Mama Katarina akauliza, chujio lina nini?

“Mayu, mama yangu, hilo linadondosha kidogo kidogo,” akajibu kwa upole. “Nyie mmetoka mbali, niwaache na kiu mpaka saa ngapi? Hapa wageni hawaishi kuja, basi na watoto wanakunywa humo humo mtungini.”

Maji ya mwenyeji hayakataliwi. Mama Katarina aliyanywa yote, akashukuru. Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nikijifanya natazama rejeta.

Tumbo lilimlaza siku kadhaa. Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kikaoni, bado amepauka, akaomba chaguo lake lifutwe. Alisema chujio linalomwaibisha mwenyeji mbele ya mgeni litabaki pambo la baraza, na masika yakiingia tutazika tena. Oda ikawa ya pampu, na yeye mwenyewe akazunguka kuanzia Magamba hadi Ugalla akifundisha watu kuitumia.

Mvua za mwaka ule zilikata barabara kuliko miaka yote. Ilipofunguka tulikwenda Ugalla, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kuuliza kama kuna makaburi mapya. Ng'washi alipampu maji mbele yetu, akapiga magoti, akatupa. Kisha akawaita watoto wake waje kutuamkia. Walikuja wote. Mama Katarina alilia pale pale, na mimi sikuona haya kulia.

Asante sana, Mama. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na mavuno mazuri huko Usevya. Mvua zikianza mwaka huu tutaogopa kidogo, kwa kuwa hupo. Lakini tutakwenda.