Vikombe Ishirini na Vitatu vya Mama Elinipendo

Wachungaji wetu, wazee wa ukoo wa Swai, na ninyi nyote mliopanda hadi hapa Nronga na matope haya, familia inawaomba mtulie kidogo msikie Mama yetu Elinipendo alikotoka, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kupata muda wa kujieleza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1954 hapa hapa Machame, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yakobo Nkya, akabatizwa na kupata kipaimara katika usharika huu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, baadaye akapata mafunzo ya malezi ya watoto, na mwaka 1975 akaanza kufundisha chekechea ya usharika, ambako waliopita mikononi mwake wanazikumbuka nyimbo zake hadi leo, ingawa, tuseme ukweli, sauti Mungu hakumpa.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na marehemu Ezra Swai, dereva wa lori la kahawa, aliyetutangulia mwaka 2003, wakajaliwa mtoto mmoja, Hosea, aliyezaliwa mwaka 1979, na majirani walipouliza wengine wako wapi, Mama alijibu kwamba wako njiani.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa mlezi katika makao ya watoto mjini Moshi, akatumika huko miaka ishirini na mitano hadi alipostaafu mwaka 2014, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwaandaa wale wanaotimiza miaka kumi na nane, ambao kwa utaratibu hutakiwa kuondoka wakajitegemee. Kila mmoja alimpa chumba cha uani kwa mwezi mzima ajipikie, ajiamshe na afue mashuka yake, vyeti vyao vya kuzaliwa alivifuatilia ofisi hadi ofisi mpaka makarani wakawa wanamkimbia, na wenye nyumba za kupanga aliwahoji kama polisi.

Lakini kuna mahali Mama alikosea, naye aliagiza jambo hilo lisomwe. Winfrida, aliyeletwa makao akiwa na miaka mitatu, aliagwa mwezi Juni 2012 kwa sherehe kubwa, akapewa godoro, blanketi, sufuria mbili na jiko, akafungwa khanga mpya, akasindikizwa kwa nyimbo hadi kwenye chumba chake Bomang'ombe, sawasawa na binti anayeolewa, na kwa kuwa binti akishaagwa hivyo kwao huwa ni kwingine, Winfrida akaelewa kwamba mlango umefungwa. Ikafika Desemba, wakati Wachagga wote wanapanda nyumbani na mbuzi wanachinjwa katika kila kihamba, yaani kila shamba la ukoo, yeye akakaa chumbani Krismasi nzima na mkate na chai ya rangi, akiwasikia wapangaji wenzake wakifunga milango na kuondoka, wala hakumbuki kulia vile maishani mwake. Tarehe 27 Mama akateremka kumtafuta, akaketi juu ya lile godoro, akamwambia, "Mwanangu, nilikupa kila kitu, nikasahau kukuambia urudi. Nisamehe."

Tangu hapo, hata baada ya Mama kustaafu, kila aliyeondoka makao aliacha kikombe chake cha bati jikoni kwa Mama, hapa Nronga, kimeandikwa jina kwa rangi ya kucha na kutundikwa kwenye msumari, na amri ilikuwa moja, kwamba Desemba uje unywee kikombe chako, uwe umepandishwa cheo au umefukuzwa kazi. Cha kwanza kilikuwa cha Winfrida, vikafuata vya Godwin, ambaye sasa ni fundi umeme, na Victoria, ambaye ni muuguzi, na wengine, hadi vikatimia ishirini na vitatu, na Hosea, aliyezoea kuwa wa pekee, akajikuta anapanga foleni ya maziwa kwao.

Mwezi Februari 2024 Mama alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hospitali ya Mawenzi na kwingineko, watoto wake wakipokezana zamu za kumuuguza, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 3 Machi 2025 akalala, akiwa na umri wa miaka sabini.

Waliolelewa makao walipopanda Jumanne, waliketi nje kwenye mabenchi ya wageni, maana nyumba sasa ni ya Hosea, na kila mmoja alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kama Desemba hii atakuwa na pa kwenda. Hosea akaingia jikoni, akaviteremsha vikombe, akaita majina moja baada ya jingine, akawamiminia chai wote, kisha akamkabidhi Winfrida karatasi hizi, kwa sababu historia ya marehemu husomwa na mtoto wa nyumba. Winfrida ndiye anayewasomea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliotuletea ndizi, kuni na machozi yenu, wafanyakazi wenzake wa makao, na hata wale wenye nyumba aliowahoji, kwa kutuvumilia tulipochelewesha kodi.

Kikombe cha Mama mwenyewe tumekiosha, tumekirudisha kwenye msumari wake. Pumzika kwa amani, Mama. Desemba tunapanda.